George Pilkington: Mtu wa Ayalandi Aliyefia Ngome ya Luba

Katikati ya jiji la Kampala iko barabara iitwayo Pilkington. Askari wa doria huipita usiku na mchana, na madereva wa magari ya serikali huitaja kila siku, lakini ni wachache wanaouliza jina hilo lilikuwa la nani. Sisi tuandikao makala hii tunakaa Namuwongo, chini ya vilima vya Kibuli na Muyenga, mahali ambapo reli iendayo Port Bell hupita kati ya nyumba za watu. Namuwongo ni mtaa wa wageni. Wako waliotoka kaskazini ya Uganda, wako waliotoka Kenya, Sudani na Kongo, na kila mmoja wao alipofika alikuta kwamba kabla ya kupata kazi na kabla ya kupata chumba hana budi kupata lugha ya kusemezana na jirani. Huyo Pilkington naye alikuwa mgeni wa namna hiyo. Alitoka mbali zaidi, akajifunza lugha ya wenyeji hata akawaandikia vitabu, kisha akafa kwa risasi katika vita vilivyoanza kwa sababu wakubwa na askari wao hawakusikilizana. Ndiyo maana tumeona inafaa kuyaeleza maisha yake kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi, kwani ndani yake mna mambo yanayotuhusu sisi tuvaao sare kuliko yanavyomhusu mtu mwingine yeyote.

George Lawrence Pilkington alizaliwa tarehe 4 Juni 1865 katika nchi ya Ayalandi. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye cheo na mwenye mashamba huko Tore, katika wilaya ya Westmeath. Ayalandi ya siku hizo ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na ilikuwa haijapona kidonda cha njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, ambapo watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi yao. Tangu hapo kuhama kukawa desturi ya Waayalandi. Maskini walikwenda Marekani na Australia kutafuta riziki, na wengine wengi waliingia katika majeshi ya Uingereza wakapigana vita visivyowahusu katika nchi wasizozijua. Pilkington hakutoka katika nyumba ya maskini. Alikuwa wa tabaka la wenye ardhi. Hata hivyo alikuwa mtoto wa nchi ile ile ndogo, iliyotawaliwa na jirani mkubwa na kuwatoa wanawe wakatawanyika duniani.

Alisoma katika shule ya Uppingham huko Uingereza, kisha akaingia Chuo cha Pembroke katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alijifunza Kiyunani na Kilatini, na walimu wake walimwona kuwa mwanafunzi mwenye akili kali, apendaye kuichambua lugha kama vile fundi wa bunduki anavyoifungua silaha na kuipanga tena kipande kwa kipande. Alipokuwa chuoni imani yake ya dini ilipata moto, akaazimia kwenda nchi za mbali kuihubiri. Alipomaliza masomo alifundisha shule kwa muda mfupi, na mwanzoni mwa mwaka 1890 akapanda meli pamoja na vijana wenzake wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, kuelekea pwani ya Afrika Mashariki.

Walitua Mombasa, wakakaa Frere Town, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Hapo Pilkington alianza kujifunza Kiswahili, kwa maana siku zile hapakuwa na mtu aliyeweza kuingia bara bila Kiswahili. Kilikuwa lugha ya misafara, ya wapagazi, ya biashara na ya bunduki. Hata huko Buganda, wasomaji wa kwanza walijifunza kusoma kwa vitabu vya Kiswahili, kwa kuwa vitabu vya lugha yao vilikuwa bado vichache. Baadaye msafara wao, ukiongozwa na Askofu Alfred Tucker, ulishika njia ya bara. Ulikuwa mwendo wa miguu wa miezi mingi, wenye homa, kiu na ushuru wa watawala wa njiani, na wengine katika wenzao hawakufika, bali walizikwa kabla ya kuvuka ziwa. Waliobaki waliingia Mengo tarehe 27 Desemba 1890.

Siku ile nchi ilikuwa imekaa juu ya baruti. Siku tisa kabla yao alikuwa amefika Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akapiga kambi katika kilima tukiitacho sasa Old Kampala. Siku moja tu kabla yao, Kabaka Mwanga alikuwa ametia saini mkataba na Lugard pasipo kuupenda. Waganda wenyewe walikuwa wamegawanyika katika vyama vitatu vyenye silaha: kimoja cha Waislamu, kimoja cha wafuasi wa mapadri wa Kifaransa, na kimoja cha wafuasi wa wamisionari wa Kiingereza. Tarehe 24 Januari 1892 vyama viwili vya Wakristo vilipigana hapo hapo Mengo, na Lugard alitumia bunduki zake za rashasha kuamua mshindi. Tunasema haya ili msomaji ajue kwamba Pilkington hakuja katika nchi yenye amani, na kwamba dini aliyoileta haikutengana na siasa wala na risasi.

Lakini kazi yake mwenyewe ilikuwa kalamu. Alijifunza Luganda kwa haraka iliyowashangaza wageni wenzake. Hakukaa chumbani na kamusi, bali alikaa na watu, akawasikiliza wakibishana, wakisimulia na kutaniana, akaandika alichosikia. Baada ya muda mfupi alitoa kitabu cha sarufi ya Luganda, kisha orodha ya maneno. Halafu akaanza kazi kubwa ya kuifasiri Biblia. Wengine walikuwa wamekwisha kuianza kazi hiyo kabla yake, hasa Alexander Mackay, aliyefariki mapema mwaka ule wa 1890. Pilkington aliiendeleza, na kufikia mwaka 1893 Agano Jipya lote lilikuwa limekwisha kupigwa chapa. Kufikia mwaka 1896 Biblia nzima ikawa tayari.

Hapa hatuna budi kumtaja Mganda ambaye bila yeye kazi hiyo isingalitimia. Jina lake ni Henry Wright Duta Kitakule. Huyu ndiye aliyekaa mezani pamoja na Pilkington siku baada ya siku, akikubali neno hili na kulikataa lile, akisema hivi ndivyo asemavyo mtu mzima na hivi ndivyo asemavyo mtoto. Barabara ilipewa jina la Mzungu, lakini ukurasa uliandikwa na watu wawili. Huo ndio ukweli, na askari anayejua kwamba hakuna afisa ashindaye vita peke yake ataufahamu upesi.

Mwishoni mwa mwaka 1893 Pilkington alikwenda katika kisiwa cha Kome kupumzika na kutafakari, kwa kuwa moyo wake ulikuwa mzito. Aliporudi alihubiri kwa nguvu mpya, na makanisa ya Buganda yakafurika. Akatoa shauri la kujenga nyumba za kusomea vijijini, ambamo Waganda wenyewe wangewafundisha Waganda wenzao. Shauri hilo lilienea, na katika muda wa miaka michache maelfu ya watu, wazee kwa vijana, wake kwa waume, walijua kusoma. Mwaka 1895 alikwenda kwao likizoni, akarudi Uganda mwaka uliofuata. Hakuwa ametimiza miaka 32.

Sasa tuwaache wasomaji na vitabu vyao, tuwaangalie askari, maana bila kuwajua hao hatuwezi kuelewa namna Pilkington alivyokufa.

Serikali ya Kiingereza hapa Uganda ilisimama juu ya mabega ya askari wa Kisudani, ambao wajukuu wao tunawaita Wanubi, nao wako Bombo na miji mingine mpaka leo. Hao walikuwa askari wa serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta, chini ya gavana Emin Pasha. Mahdi alipoinuka huko Sudani, na Khartoum ikaanguka tarehe 26 Januari 1885, walikatwa wakawa kama kisiwa. Emin alipoondoka na Stanley mwaka 1889, wengi wao waliachwa nyuma karibu na Ziwa Albert, na kiongozi wao alikuwa afisa mrefu, mwenye heshima kubwa kwao, aitwaye Salim Bey. Mwaka 1891 Lugard aliwafuata huko Kavalli, akawaomba waingie katika utumishi wa Kampuni. Salim Bey alijibu kwamba yeye amekula kiapo kwa Khedivu wa Misri, na hawezi kuitumikia bendera nyingine bila ruhusa yake. Wakapatana kwa sharti hilo. Basi askari wapatao 600 na jamaa zao wengi, maelfu ya watu, wakashuka pamoja naye kuingia Uganda. Nao pia walikuwa wahamiaji, watu wasio na njia ya kurudi kwao.

Mwaka 1893 mambo yaliharibika mara ya kwanza. Waislamu wa Buganda, ambao mkuu wao alikuwa Mwanamfalme Nuhu Mbogo, walinung'unika kwamba sehemu waliyopewa katika kugawanya nchi ni ndogo. Salim Bey alionya kwamba hatakubali Mbogo adhuriwe. Aliyekuwa akishika madaraka wakati huo, Kapteni James Macdonald, aliyahesabu maneno hayo kuwa uasi. Akawanyang'anya Wasudani silaha, akamkamata Salim Bey, ambaye tayari alikuwa mgonjwa, akamhukumu kupelekwa pwani. Mzee huyo alifia njiani, huko Naivasha, kabla mwaka ule haujaisha. Mbogo alipelekwa Unguja, na aliporudi baadaye alikaa Kibuli, kilima hiki kilicho juu yetu hapa Namuwongo, ambako polisi wetu wengi wamepata mafunzo yao. Wasudani walirudi kazini, lakini hawakusahau.

Miaka minne ikapita. Mwaka 1897 Wasudani walikuwa wamechoka kuliko ng'ombe wa kulimia. Waliongozwa kwenda Nandi kupigana. Mwezi Julai Kabaka Mwanga alipoasi na kukimbilia Buddu, walipelekwa huko kupigana naye. Kabla jasho halijakauka, kombania tatu ziliamriwa kwenda Ravine, mbali upande wa mashariki, kujiunga na msafara mpya wa kuelekea kaskazini. Mkuu wa msafara huo alikuwa Macdonald yule yule, sasa akiwa na cheo cha meja. Shabaha ya safari ilikuwa siri ya serikali ya London, iliyotaka kuwahi maeneo ya mto Naili kabla ya mataifa mengine ya Ulaya. Askari hawakuelezwa waendako wala watakaporudi. Waliambiwa wawaache wake zao na watoto wao nyuma, jambo ambalo kwao lilikuwa zito kupita kiasi, kwa kuwa askari wa Kisudani alitembea na nyumba yake. Mke ndiye aliyempikia, aliyembebea mzigo na kumwuguza. Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa rupia nne kwa mwezi, mdogo kuliko wa askari wenzao wa nchi jirani, tena ulilipwa kwa nguo badala ya fedha, tena ulicheleweshwa kwa miezi kadhaa.

Walipeleka malalamiko yao, lakini majibu hayakuwaridhisha. Tarehe 23 Septemba 1897 waliondoka kambini wakielekea Ravine, na huko wakafyatuliwa risasi. Kuanzia hapo mlango wa mazungumzo ulifungwa. Walipora kituo cha Nandi, wakapita Mumias, wakaingia Busoga, na katikati ya Oktoba walifika katika ngome iliyokuwa kwenye himaya ya chifu Luba, karibu na ufuko wa ziwa, upande wa mashariki wa mahali panapotoka mto Naili. Katika nchi ya Luba huyo ndiko Askofu James Hannington alikouawa kwa amri ya Mwanga tarehe 29 Oktoba 1885. Askari wa Kisudani waliokuwa wakiilinda ngome hiyo walijiunga na ndugu zao.

Habari zilipofika, Meja Thruston aliyekuwa mkuu wao alikwenda ngomeni kuwatuliza. Huyu alikuwa afisa aliyewajua, aliyewahi kuwaongoza vitani, na aliyeijua lugha yao ya Kiarabu. Aliamini kwamba watamsikiliza. Walimkamata yeye na Wazungu wengine wawili, Wilson na Scott. Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba waasi walishambulia kambi ya Macdonald iliyokuwa kilimani mbele ya ngome. Macdonald alikuwa na Masingasinga wachache na Waswahili wa pwani mia kadhaa. Mapigano yalidumu kwa saa nyingi, na waasi walirudishwa nyuma wakiwa wamepoteza watu wengi. Baada ya kushindwa huko waliwapiga risasi wafungwa wao watatu. Kwa tendo hilo hawakuwa tena askari wenye madai, bali wauaji waliojua kwamba hawatasamehewa, na mtu wa namna hiyo hupigana mpaka mwisho.

Hapo tunamrudia Pilkington. Serikali haikuwa na askari wa kutosha, ikawaita Waganda. Maelfu yao, chini ya Katikiro Apolo Kagwa na machifu wengine, waliizingira ngome ya Luba. Lakini maofisa wa Kizungu waliotoka pwani hawakujua Luganda, na Waganda hawakujua Kiingereza. Amri ya kushambulia ikicheleweshwa kufahamika kwa dakika chache, watu hufa bure. Ikatakiwa mtu wa kusimama katikati. Pilkington aliiacha meza yake akaenda kuwa mkalimani, na daktari Albert Cook, aliyekuwa amefika Uganda mwaka ule ule, akaenda kuwatibu majeruhi.

Je, Pilkington alikuwa askari? Kwa hesabu ya karatasi, la. Hakuandikishwa, hakula kiapo, hakuwa na cheo wala mshahara wa jeshi. Kwa hesabu ya hatari, alikuwa mstari wa mbele kama mwingine yeyote, kwa majuma mengi, katika mvua na homa. Mkalimani wa vitani hawezi kukaa nyuma. Hana budi kuwa mahali palipo na mdomo wa mkuu na sikio la askari. Wako wanaosema kwamba mtu wa dini hakupaswa kujiunga na upande mmoja wa vita, na kwamba kwa kufanya hivyo alionyesha waziwazi jinsi misheni na ukoloni zilivyoshikana mikono. Sisi hatuwezi kuyakanusha maneno hayo. Vita vile vilikuwa vya kuulinda utawala wa kigeni, na Pilkington aliutumikia. Lakini pia alikwenda kwa kuwa watu aliokaa nao miaka saba, aliowafundisha na waliomfundisha, walikuwa wakienda kufa, na yeye aliona aibu kubaki.

Kuzingirwa kwa ngome kulikuwa kwa taabu. Waganda walishambulia kwa ushujaa usio na kinga, wakaangushwa kwa mamia na risasi za askari waliojua kulenga. Ikaonekana kwamba ngome haitaanguka kwa kushambuliwa uso kwa uso, bali kwa njaa. Waasi walikula ndizi za mashamba ya karibu; kwa hiyo ikaamriwa mashamba hayo yakatwe. Tarehe 11 Desemba 1897 kikosi kikiongozwa na Kapteni Harrison kilitoka asubuhi kwenda kuifyeka migomba, na Pilkington alikuwa pamoja nacho.

Yeyote aliyewahi kupigana ndani ya shamba la migomba anajua ubaya wake. Majani huziba macho, shina haliwezi kuzuia risasi, na adui anaweza kuwa hatua kumi mbele yako usimwone. Waasi walitoka wakawavizia. Pilkington alipigwa risasi ya paja, ikaukata mshipa mkubwa wa damu. Kijana wake, Aloni Muyinda, alikuwa kando yake, akamshika na kumwambia maneno ya imani kwa Luganda, lugha ambayo mwalimu wake alikuwa ameipenda. Damu haikuzuilika, na muda haukuwa mrefu akakata roho. Siku hiyo hiyo aliuawa pia Luteni Norman Macdonald, ndugu wa meja. Pilkington alikuwa na miaka 32. Baadaye mabaki yake yalichukuliwa yakazikwa katika kilima cha Namirembe, alipozikwa Hannington.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Januari 1898 waasi waliihama ngome kwa siri, wakavuka maji, wakaelekea kaskazini. Walifuatwa mpaka Kabagambi, karibu na Ziwa Kyoga, na tarehe 24 Februari 1898 walipigwa na kutawanywa. Waliokamatwa waliadhibiwa, wengine kwa kifo. Askari wa Kihindi waliletwa kuja kuishika nchi. Na jambo la kutazamwa sana ni hili: baada ya damu yote hiyo, serikali iliongeza mishahara ya askari. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Deni lililoweza kulipwa kwa rupia chache mwezi wa Agosti lililipwa kwa maisha ya watu mwezi wa Desemba, kisha hata zile rupia zikatolewa vilevile.

Tuongeze pia kwamba Mbogo, ambaye angeweza kuwa na kisasi kwa ajili ya uhamisho wake, alialikwa na waasi awe mkuu wao, akakataa. Kama angekubali, vita vingeigawa Buganda yote kwa dini, na labda visingalimalizika kwa miaka. Amani ya nchi mara nyingine huokolewa na mtu mwenye sababu ya kukasirika asiyekubali kukasirika.

Majeshi yetu yana damu ya watu hao. Uganda Rifles ya siku hizo iliingizwa katika King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902, na kikosi cha nne cha jeshi hilo ndicho kilichokuwa mzazi wa jeshi la Uganda huru mwaka 1962. Kabla haijatimia miaka miwili baada ya uhuru, mwezi Januari 1964, askari wa Colito huko Tanganyika, wa Jinja hapa kwetu na wa Lanet huko Kenya waligoma kwa sababu ya mishahara na kwa sababu ya kuongozwa bado na maafisa wa Kizungu. Jinja haiko mbali na ngome ya Luba. Ilikuwa imepita miaka 67, na serikali changa zililazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza kuzima maasi ya askari wao wenyewe. Aibu hiyo ilitosha kutufundisha kwamba jambo la mwaka 1897 halikuwa la Wasudani peke yao.

Basi tunajifunza nini? Wengine watasema tunajifunza kwamba lugha huleta maelewano, na mfano wao ni Pilkington. Ni kweli, lakini si kweli yote. Meja Thruston aliijua lugha ya askari wake, na hilo halikumwokoa, kwa sababu alikwenda kwao na maneno matupu wakati walipotaka mshahara, mapumziko na wake zao. Lugha ni daraja, lakini daraja lisilopitishwa kitu halimshibishi mtu. Kwa hiyo afisa aliyepewa watu hana budi kufanya mawili: kwanza awasikilize kwa lugha waielewayo, kisha alipeleke walilosema kwa wakubwa wenye uwezo wa kulitimiza, wala asichoke kulipeleka. Akikaa kimya kwa kuogopa kuonekana dhaifu, ajue kwamba anawawekea wengine akiba ya msiba.

Kwa upande wa askari wa kawaida nako kuna somo, tena gumu. Malalamiko ya Wasudani yalikuwa ya haki. Hatuoni aibu kulisema hilo. Lakini siku walipowapiga risasi wafungwa waliokuwa mikononi mwao, haki ile ilizama, na hakuna aliyewasikiliza tena. Silaha aliyopewa askari si yake. Ni ya nchi. Akiitumia kudai chake, hata kama chake ni halali, anakuwa amechukua kisichokuwa chake, na wa kwanza kufa kwa sababu hiyo huwa watu wasiohusika: mkulima wa Busoga aliyekatiwa migomba yake, kijana wa Kiganda aliyekwenda na mkuki mbele ya bunduki, na mwalimu wa Ayalandi aliyekuja na kamusi.

Ayalandi ilipata serikali yake mwaka 1922, nasi tukapata yetu mwaka 1962. Pilkington hakuiona siku hata moja kati ya hizo. Mwenzetu anayelinda zamu katika barabara yenye jina lake, au anayeshuka jioni kwenda nyumbani kwake Namuwongo, akumbuke kwamba jina lile halikutolewa kwa shujaa wa vita. Ni la mtu aliyefanya kazi ya kuwaelewesha watu, akafa siku ambayo kuelewana kulikuwa kumekwisha. Kazi aliyoiacha ni yetu pia, kila siku, katika kila kambi na kila kituo cha polisi: kumsikiliza aliye chini yetu kabla hajapaza sauti, na kumweleza raia amri yetu kabla hatujaitimiza.